Unga Kwenye Bolti Iliyokatika

Baba Devota wangu,

Mashine inasaga. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula.

Hapa Busunzu bado tuko kwenye matanga yako. Kwetu unajua: vyombo vya marehemu havishikwi mpaka kuganduka, siku ya kuondoa msiba. Boksi lako la spana tulilifunika kanga, likakaa chini ya kitanda chetu; mashine tu ndiyo tuliiacha isage, maana watu lazima wale. Mdogo wako alishasema tukiganduka mashine iuzwe Kasulu, eti mashine isiyo na fundi ni chuma chakavu. Moyoni nilimtukana, nisamehe.

Juzi ile bolti ya mfuniko wa chekecheo ikakatikia ndani. Kichwa kilikuwa kimelika siku nyingi, na wewe kila siku "nitaibadilisha kesho". Kesho zako hizo, mume wangu. Mfuniko haufungi, na akina mama wamepanga ndoo za makopa ya muhogo mpaka barabarani. Mdogo wako akaja na nyundo na tindo. Nikamzuia mlangoni, maana hapo angepasua na mashine yenyewe.

Mama yako alikuwa uani akianika maharage. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na boksi lako.

"Mama, hatujaganduka," nikamwambia.

"Mwanangu hajawahi kumrudisha mtu nyumbani bila unga. Fungua."

Nikakitafuta kile chuma chako kifupi cha kutolea bolti, chenye meno yanayozunguka kushoto. Unakumbuka mara ya kwanza uliponiita nikushikie tochi? Ulilowesha kidole, ukachovya unga, ukapaka pale bolti ilipokatikia ili alama ya katikati ionekane. "Ukikosa katikati, umekosa yote," ukasema. Ilipotoka, unga uliobaki ukanipaka puani mbele ya wateja. Nilinuna mpaka jioni. Tangu hapo kila bolti ilipotoka, pua yangu ilipata fungu lake.

Basi nikapaka unga. Nikagonga alama, nikatoboa kwa drili, nikaingiza chuma chako. Kile chuma kikikatikia humo hakuna drili ya kukitoboa, na mashine ingekwenda Kasulu kweli. Nikazungusha kushoto, ikagoma. Nikakusikia kabisa: "Buhoro, mama, polepole. Ipe mafuta, ipe na muda." Nikaipa vyote viwili. Nilipojaribu tena ikalia kidogo, ikaanza kuja, ikatoka nzima na kutu yake.

Nikabaki nimesimama na unga kidoleni, nikitazama pale ulipozoea kusimama. Nikalia. Mama yako akadhani nimejikata. Nikamweleza habari ya pua, na aibu zangu zote. Alinitazama, kisha akalowesha kidole chake, akachovya kwenye ndoo ya mteja aliyesagiwa kabla bolti haijakatika, akanipaka.

"Haya," akasema. "Kazi imekwisha."

Bolti nyingine tuliipata kwenye boksi lako. Mdogo wako ameikaza mwenyewe, na habari za Kasulu hajazitaja tena.

Nimekukumbuka, jamani. Nakukumbuka zaidi mashine inapozimwa.

Pumzika, fundi wangu. Siku ile nilisaga mpaka jioni, na ule unga puani sikuufuta.

Mkeo,
Mama Devota