Kwa Ekidor, Fundi wa Spika wa Lodwar, Baba wa Akuch

Mwaka umezunguka, Baba, tangu tukulaze nyuma ya nyumba yetu hapa Lodwar, na bado watu wanapiga simu yako wakitaka spika za harusi. Mama ndiye huipokea. Huwaambia, "Ekidor hayuko, lakini spika ziko," halafu humwita mdogo wangu Lochakapong aandae nyaya.

Ninayeandika ni mimi, Atiir, kifungua mimba wako. Mama amesema nisikupambe kupita kiasi, kwa hiyo naanza na ukweli: ulikuwa mbishi. Ulibishana na mapadri, na wanasiasa, na jenereta yenyewe. Lakini hukuwahi kumtoza mtu aliyefiwa. "Kilio si biashara," ulisema, ukapakia vyombo kwenye pikapu ukaenda Kainuk, ukaenda Lorugum, ukarudi na vumbi hadi kwenye nyusi na njaa ya watu wawili.

Wenzako hujaribu maiki kwa kuhesabu moja, mbili. Wewe uliimba wimbo wa dume lako la ng'ombe lenye madoa, lililokufa kwa ukame sisi tukiwa wadogo, mkono mmoja juu ukionyesha pembe zake. Uliuimba hata kwenye mikutano ya kampeni, mgombea amesimama nyuma yako anasubiri umalize. Ndivyo ulivyompata Akuch. Ulikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, unafunga spika za kwaya ya kanisa, na msichana mdogo wa Kidinka akainua mikono yote miwili akakujibu kwa wimbo wa dume la babu yake. Ulimsikiliza mpaka ukasahau waya uliokuwa mkononi, ukapigwa na stima. Kisa hicho ulitusimulia hadi tukakijua kuliko wewe.

Yar, bibi yake aliyekuja naye kutoka Sudan Kusini, alipofariki, ulizungumza na wazee wao na wakubwa wa kambi mpaka wakachoshwa na ubishi wako. Akuch akaja kuishi nasi. Majirani walinung'unika: maji yenyewe hayatoshi, na wewe unaongeza mgeni? Uliwanyamazia, na kwako kunyamaza halikuwa jambo dogo. Ukamfundisha kushika maiki mbali na kidevu na kutomeza maneno. Jioni ulimpeleka zizini aimbe, ukisema mbuzi wakiendelea kutafuna, basi sauti bado.

Kisha Sudan Kusini ikaamua kuingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya nyimbo ya mataifa, yale yanayorushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Wakamchagua Akuch wetu aiimbie nchi aliyozaliwa. Ulitangaza kwa spika mchana wa jua kali, watu wamelala, na hakuna aliyekukemea. Siku chache kabla ya safari yake ukaugua. Hukuinuka tena.

Kwetu, baba akifa watoto hunyolewa. Kaka yako Ekaale, Baba Mkubwa wetu, alifika kutoka Lorugum akamkuta Akuch amekaa nasi kwenye ngozi, anangoja wembe. Akatikisa kichwa.

"Huyu asinyolewe," akasema. "Mtoto ya kambi ni ya kambi. Yeye naenda kuimbia nchi yake. Nywele yake iache."

Hata kabla Mama hajajibu, simu ya Akuch ikalia. Alikuwa Mabil, kiongozi wa kikundi chao cha mashindano, yuko Juba anapanga safari. Sote tulimsikia.

"Pole sana, dada yangu. Lakini nywele usiguse. Picha zimeshatoka na hizo nywele. Nchi yetu inaonekana mara ya kwanza, watasema tumeleta mgonjwa. Ukinyoa, Nyaluak ataimba."

Nyaluak ndiye aliyekuwa mwimbaji wa akiba. Jinsi Akuch alivyoutaka wimbo ule wa mashindano, sisi tunajua, maana ndio sisi tuliokuwa tukiamshwa nao.

"Basi aimbe Nyaluak," akasema, akakata simu. Akamgeukia Baba Mkubwa. "Mimi nimekula kwa hii nyumba. Baba yangu ni huyu. Kama hamtaki kuninyoa, nipeni wembe ninyoe mwenyewe."

Mama hakungoja ruhusa ya mtu. Alimvuta katikati ya magoti yake akamnyoa. Baba Mkubwa akaondoka akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Nilimkasirikia sana, Baba, nisikudanganye.

Tulidhani mambo yamekwisha. Halafu Mabil akapiga simu. "Njoo tu," akasema. "Nyaluak amekataa kusimama mahali pako."

Jioni ya mashindano Lochakapong alifunga spika zako katika uwanja wa kanisa kule Kakuma na kutundika shuka jeupe la kuonyeshea picha. Watu wa mji na watu wa kambi, hawa hawa wanaogombania kuni, walikaa wamebanana. Baba Mkubwa naye alikuja, akaweka kigoda chake kando. Ikatajwa Sudan Kusini. Akuch akatokea, kichwa kitupu, hana wigi wala kitambaa. Kabla hajaimba, mtangazaji akamuuliza kuhusu kichwa chake.

"Nimefiwa na baba yangu," akajibu. "Anaitwa Ekidor. Ni Mturkana wa Lodwar."

Mama alijifunika uso kwa leso. Akuch akaimba, maneno yote yakasikika, hakumeza hata moja. Mimi nililia kwa sababu wewe hukusikia. Hilo linaniuma mpaka leo na sioni kama litaacha kuniuma.

Hakushinda. Walikuwa wa pili kutoka mwisho, na najua ungebishana na wale waamuzi mpaka wazime mitambo. Akuch alirudi nyumbani, na sasa anafundisha ile kwaya ya kambini. Nywele zake zimeota, na anapiga kelele kuliko ulivyokuwa ukipiga wewe.

Wiki hii Baba Mkubwa alikuja tumsomee tangazo hili la kumbukumbu kabla hatujalipeleka gazetini. Nilipofika kwenye majina ya watoto nikasoma Atiir, Lochakapong, halafu Akuch. Akaniinulia mkono.

"Akuch ni mkubwa ya Lochakapong," akasema. "Watoto ya ndugu yangu upange vile walizaliwa."

Nimepanga.

Unakumbukwa na mke wako Abei. Watoto wako Atiir, Akuch na Lochakapong. Na kaka yako Ekaale wa Lorugum. Siku zetu zote, Baba, utabaki mioyoni mwetu.