Kikohozi cha Vidonge vya Presha

Chumba cha uani,
Nyumbani kwetu.
Jumatano, 14 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi sana. Hujambo huko, na shemeji je? Mgongo wako umepoa? Sisi wazima, ila mimi nimewekwa pembeni kama kuku anayeatamia.

Presha yangu unaijua. Daktari alinieleza kwamba figo zangu zina woga: zinadhani damu haitoshi, basi zinaamsha homoni inayobana mishipa na kuufanya mwili ung'ang'anie chumvi na maji. Hali hiyo ikizidi, moyo unachoka na figo zenyewe zinaharibika. Akanipa vidonge vya kuzuia homoni hiyo. Presha ikashuka, lakini kikaja kikohozi kikavu, kho kho kutwa. Wateja wakaanza kunihama, maana nani anataka kinyozi wa kumkoholea kisogoni?

Wifi yako ndiye aliyekata shauri. Binti yetu amekuja kujifungulia hapa, na tangu mtoto azaliwe mimi nalala uani, nina kikombe changu na sahani yangu. Nilipimwa makohozi, sina kifua kikuu. "Kikohozi ni kikohozi, baba watoto," akasema. "Humu ndani kuna kichanga."

Nilirudi kwa daktari. Kumbe vidonge vile huwaletea baadhi ya watu kikohozi, wala hakiambukizi. Amenibadilishia vingine, vinavyoizuia homoni ileile kwa njia tofauti, ila koo litachukua wiki kadhaa kutulia. Nikiacha dawa kabisa, kiharusi hicho. Na Jumamosi binti anarudi kwake, mbali, na mjukuu sijambeba hata mara moja. Naumia, mdogo wangu.

Tafadhali mpigie simu wifi yako. Wewe ni mkunga, maneno yako anayashika.

Leo asubuhi alikwenda sokoni, na binti alikuwa anaoga. Mtoto akalia. Nikaenda hadi mlangoni, hakuna wa kunizuia. Nikashika kitasa, kikohozi kikanipanda, nikakiachia kitasa. Nikasimama pale nikimsikiliza mpaka mama yake alipotoka bafuni. Daktari ameniambia sina kitu, na bado niliogopa kumgusa.

Nisalimie shemeji na wapwa wangu, hasa yule Mbishi. Mungu awalinde nyote.

Piga kabla ya Jumamosi. Ukimaliza kumwambia wifi yako, omba nipewe simu, uniambie na mimi.

Kaka yako akupendaye sana,
Kinyozi