Harusi Iliyoliwa na Watoto

Lemara, Arusha
12 Mei

Kaka yangu mpendwa Ephraimu,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Sumbawanga, pamoja na wifi na watoto. Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Mvua haijatupumzisha, Mlima Meru umejifunika wingu tangu juma lililopita, na baridi imemrudishia Mama kikohozi chake, ila si cha kutisha. Anakikemea mwenyewe kwa chai ya tangawizi. Baba hajambo, na ng'ombe wake hajambo. Unamjua, ukimuuliza habari zake anaanza na za ng'ombe.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Haya ninayokuandikia siwezi kuyaweka kwenye kundi la familia, wajomba na mashemeji wote wanasoma kule. Na ningekupigia, kaka, ningelia kabla sijafika katikati. Ndiyo maana nimempa dereva wa basi bahasha.

Unajua tulipoiachia mipango ya jubilei ya wazee, miaka hamsini ya ndoa. Mdogo wetu Stanley, mwenyekiti wa kamati, alishapata ukumbi, mpambaji, MC, wapiga picha na sare za ukoo mzima. Nilimwambia mwanangu anaingia kidato cha tano Julai, na watu tuliowaomba michango mwaka jana kwa harusi ya Stanley huyohuyo hata hawajapumua. Nikashauri tufanyie uani kwa wazee, pale Sokon: turubai moja, ndizi za mgombani kwetu, mbuzi, na kwaya ya akina mama. Stanley alikasirika. Alisema miaka hamsini haifanyiwi uani kama kipaimara, na watu watasema watoto wa Mzee Aminiel wana mkono wa birika. Tukanuniana. Kisha ukaja ujumbe wako kwamba utauza kiwanja ili kumaliza ubishi. Huo uliniumiza kuliko maneno ya Stanley, kwa sababu najua kiwanja kile ndicho unachotegemea kuwajengea watoto.

Kila tulipoketi kama kamati Baba alikumbuka majani ya ng'ombe, akatoka.

Alhamisi nilikwenda kumpima Mama gauni. Nilitaka fundi alishone lifanane na lile alilofungia ndoa, nikamwomba anieleze lilivyokuwa: mikono mirefu au mifupi, shingo ya namna gani. Alikuwa anamenya ndizi. Akaendelea kumenya. Nikarudia swali, nikidhani hajasikia.

Akasema, "Hapakuwa na gauni, Violet."

Nikamuuliza alivaa nini basi. Akaweka kisu chini.

"Hatukufunga ndoa, mwanangu. Unadhani baba yako anakimbilia nini kwa ng'ombe?"

Nilikaa kwenye gunia la mkaa, nikiwa na gauni langu jeupe. Akanieleza yote kwa utulivu, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Kule Machame, babu, baba yake Mama, alitaka sherehe inayolingana na ya dada mkubwa wa Mama, na Baba alikuwa kijana anayejifunza useremala kwa watu. Wakakubaliana waweke akiba, wafunge ndoa Krismasi ijayo. Krismasi ikafika, akiba haitoshi, na wewe uko njiani. Wakashuka Arusha. Majirani wa Sokon wakawaita Baba na Mama Ephraimu, hakuna aliyeuliza zaidi, nao hawakusahihisha. Ndipo nikaelewa kwa nini siku za Chakula cha Bwana, ambacho wanaoishi bila ndoa hawakipokei, Mama hubaki kwenye benchi akisingizia magoti, na Baba siku hizo huwa na kazi ya haraka mahali fulani.

Nikamuuliza kwa nini hawakufunga baadaye, mambo yalipokaa sawa. Hapo akacheka. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Tuliweka akiba kila mwaka. Harusi yetu mliila ninyi. Ephraimu aliila alipokwenda sekondari. Wewe uliila ulipolazwa na kifua. Stanley akaimalizia chuoni. Na sijajutia hata sahani moja."

Nilichukua kisu nikamenya ndizi zilizobaki.

Stanley nilimwambia mwenyewe, nikiogopa angesema tumeaibika. Alijifuta macho kwa ile tai yake ya kazini, kisha akapiga simu mbele yangu kuufuta ukumbi. Tukaenda naye kwa Mchungaji Fanuel, tukiwatangulia wazee. Mchungaji hakushangaa kama tulivyotegemea. Alisema si wa kwanza, wala ndoa haihitaji ukumbi.

Baba aliomba ifanyike ofisini kwa Mchungaji, mlango umefungwa, maana atawatazamaje wazee wenzake wa mtaani. Mama ndiye aliyekataa. Alisema amesikia ndoa za wenzake zikitangazwa, kisha za watoto wao, kisha za wajukuu wao, na yake pia itangazwe.

Basi jana imetangazwa mara ya kwanza. Mchungaji alipotaja majina, Aminiel na Aika, kanisa lilinyamaza kabisa. Baba alitazama viatu vyake. Kisha bibi mmoja wa benchi la mbele, asiyeweza hata kunyanyuka bila fimbo, akapiga kigelegele. Akina mama wote wakampokea, na matangazo mengine yakabidi yasubiri. Nilipomwangalia Baba, alikuwa ameinua uso.

Ndoa ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, asubuhi, na chakula ni uani. Pete Baba amekataa tusimchangie. Amesema hiyo ni yake. Kwa hiyo usiuze kiwanja, kaka. Tumia nauli tu. Babu hayupo, na Mama anasema wa kumsindikiza hadi altareni ni mtoto wake wa kwanza.

Njoo mapema, upate na kitu cha kutazama. Tangu jana Mama amemhamishia Baba kwa Stanley mpaka siku ya ndoa, bila Mchungaji kumwambia. Leo alfajiri Baba alikuja kukamua ng'ombe, amenyoa, amevaa shati la Jumapili. Alisimama getini kwake mwenyewe akabisha hodi, na Mama akamwacha asubiri kidogo kabla ya kumkaribisha.

Wasalimie wote nyumbani, umbusu yule mdogo kwa niaba yangu. Wazee wanakusalimu sana, kila mmoja kutoka nyumba yake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Violet