Kadi ya Mtoto Mmoja

Jumatano, 11 Agosti 1993
Debora anatimiza miaka saba Jumamosi. Nimechapa kadi tisa kwa mashine ya ofisini, mkuu wangu akiwa mkutanoni. Chini kabisa nimeandika: "Mtoto mmoja kwa kadi. Tafadhali, ndugu wabaki nyumbani." Geofrey kasoma, kasema mke wangu umeandika kama polisi. Aseme tu. Mwaka jana kwa jirani walialikwa wanane, wakaja ishirini na tatu, mwenye sherehe hakuonja keki yake. Sisi tuna viti kumi, sahani kumi. Basi.

Ijumaa, 13 Agosti
Keki imeiva. Juu imeungua, nimekwangua. Duka la Wambura limejaa siku hizi — biskuti za Dubai, baluni, pipi za kila rangi. Enzi za foleni ya sukari nani angewaza sherehe? Vumbi limeingia mpaka kabatini.

Debora anamtaja Sabrina tu. Sabrina akae kulia kwake. Wanakaa dawati moja shuleni, na tangu likizo ianze hawajaonana. Baba yake anachomelea mageti kule Kizota. Mama yake, Tabu, ni mtu wa Kondoa, mpole mno, ananipa shikamoo wakati tunalingana umri.

Jumamosi, 14 Agosti
Kinyaa. Wageni wameondoka, zulia bado linanuka.

Saa tisa kafika Mama Bupe, mke wa bosi wake Geofrey. Kadi ilikuwa ya Bupe. Kashuka garini na Bupe na wadogo zake watatu. Eti walilia, akaona waje wote. Hakuuliza. Nami nikasema karibuni, karibuni sana — kwa sauti ambayo hata mama yangu mzazi sijawahi kumpa. Geofrey akakimbilia viti vya chumbani.

Mmoja kachokonoa keki kwa kidole kabla ya mishumaa, kalamba, kachokonoa tena. Mwingine kanywa soda tatu, katapika juu ya zulia. Mama yake akacheka tu: huyu tumbo lake dogo. Hakunyanyuka. Aliyepiga magoti na tambara ni mimi.

Tambara likiwa bado mkononi, nikasikia hodi. Sabrina. Gauni la Idi, nywele zimesukwa upya. Mkono huu pacha, mkono huu pacha — wadogo zake, miaka minne, wamepakwa mafuta wanang'aa.

"Shikamoo, mama. Mama kaenda Kibaigwa kununua mahindi, kasema nisiwaache."

Ningesema ingieni. Neno moja tu. Nikasema, "Kadi inasema mtoto mmoja, Sabrina. Wewe ingia. Hawa wakae hapa barazani."

Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Watoto wanne wa Mama Bupe walionekana wote, midomo imejaa. Sabrina aliwatazama mmoja mmoja. Akanipa daftari lililofungwa kwa gazeti, akasema, "Mpe Debora," akawageuza wadogo zake. Pacha mmoja alitembea shingo imegeukia baluni mpaka wakakata kona.

Mama Bupe akauliza ni nani. Nikajibu, watoto wa jirani tu.

Matapishi nimeyafuta. Hilo jibu bado liko mdomoni.

Jumapili, 15 Agosti
Kanisani sikuimba. Debora kauliza mara tatu kwa nini Sabrina hakuja. Nimemwambia aliumwa; daftari nimelificha kabatini. Geofrey naye anasema ungewaingiza tu, watoto wenyewe wadogo. Yeye aliyekuwa anamfuata Mama Bupe na kiti mkononi! Keki iliyobaki, ile yenye mashimo ya vidole, nimewatupia kuku.

Jumatatu, 16 Agosti
Nimerudi kutoka kazini saa kumi. Tabu kasimama barazani, Sabrina nyuma yake. Njia nzima ya kutoka getini nilikuwa natafuta la kujitetea.

Tabu kaniinamia, kanipa kibakuli cha karanga. Kasema amekuja kushukuru. Sabrina kamsimulia yote — keki, soda, mapacha walivyokalishwa kwenye viti kama watu wazima.

"Niliogopa, Mama Debora. Hawakualikwa. Mwingine angewafukuza."

Nikamtazama Sabrina. Hakukwepa macho yangu. Hana hasira. Alimdanganya mama yake ili asiumie, na sasa anangoja kuona mimi nitasema nini.

Nimesema kaeni, naleta chai.

Niko jikoni. Maji yamechemka zamani, naandika nimesimama. Niseme kweli, au nipokee shukrani na karanga? Nikipokea, mtoto wa miaka saba atakuwa amenibebea uongo wangu, na kila nikimwona njiani tutajuana.

Nasikia mlango. Debora katokea barazani, anafurahi, anauliza kwa sauti: "Sabrina, umepona? Mama kasema Jumamosi uliumwa."

Sasa Tabu ananiita.