Mirija ya Mwisho ya Tarishi

Jumatatu, 13 Januari

Ramisi asubuhi. Ng'ombe wawili, wote nimewahimilisha kwa mrija kabla jua halijapanda. Mmoja amenipiga teke la paja. Mwenyewe akacheka. Nikamwambia acheke vizuri, mwakani atakunywa maziwa akinikumbuka.

Mchana Diani, kwenye zizi la farasi la Bi Zuhura, wale wanaobeba watalii ufuoni. Hiba, farasi jike, yuko kwenye joto. Anainua mkia, anakojoa kidogo kidogo, hatulii. Nyamawi, mtunza farasi, akamshika kichwa nami nikampiga picha kwa mashine ya kuonea tumboni. Kijifuko cha yai kinakua upande wa kushoto. Bado siku chache.

Niseme hapa maana hapa hakuna wa kunicheka. Nijuavyo mimi, hakuna aliyewahi kumpa farasi mimba kwa mbegu zilizogandishwa huku kwetu. Nitakuwa wa kwanza. Mimi Mwanamisi, binti wa Msambweni.

Jumanne, 14 Januari

Mtungi wa naitrojeni ya kutunzia mbegu umejazwa Mombasa, umefika salama. Nimeufungua na kupima. Umejaa. Humo ndani ndimo alimo Tarishi, au kilichobaki chake.

Marehemu mume wa Bi Zuhura alimlea Tarishi kwa chupa tangu mama yake alipokufa. Halafu bwana akafa, farasi akabaki. Mwaka jana tumbo likamsokota, naye akaenda. Kwa bahati mbegu zake zilikwisha kuchukuliwa bara na kugandishwa. Lakini alikuwa keshazeeka, na mbegu za mzee hazivumilii baridi. Nyingi zilifia njiani. Tumebaki na dozi mbili tu, mirija myembamba iliyopangwa katika vikopo viwili, kila dozi na kikopo chake. Hakuna nyingine duniani. Na Hiba naye umri umekwenda, huenda huu ndio mwaka wake wa mwisho wa kubeba.

Rafiki yangu niliyesoma naye amenipigia tena kutoka Nairobi. Eti nimpeleke Hiba huko, joto la pwani litaniaibisha. Hiba hajawahi kupanda lori bila kuugua. Nimekataa. Tutafanya hapa hapa.

Mzee Bakari alikuwapo zizini. Shemeji yake Bi Zuhura, kaka wa marehemu. Hapendi jambo hili. Dume limekwisha zikwa, asema, kulizalisha ni kumsumbua maiti. Nikamjibu kwamba mahindi tunayopanda, shina lake limekufa zamani. Hakufurahi. Lakini salamu zake hakupunguza hata moja, na zake ni ndefu. Huulizia mpaka paka.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeharibu.

Kila kitu kilikuwa tayari. Sindano ya kuharakisha yai ilifanya kazi yake, picha ya alfajiri ikaonyesha kijifuko kimepasuka. Maji ya kuyeyushia yana joto la mwili. Nikafungua mtungi, nikainua kikopo cha kwanza hadi shingoni ili nichukue mirija. Hapo ndipo pa kufanya haraka. Kikopo kikikaa juu, joto linaingia, na mbegu zikianza kuyeyuka kisha zikashushwa tena kwenye baridi, zimekwisha.

Mzee Bakari akaingia.

Akanyoosha mkono. Nilikwisha kuukamata kwa mikono miwili na kuubusu kabla sijawaza. Shikamoo, marahaba. Nyumbani hawajambo? Mama anaendeleaje na mguu? Mvua Msambweni? Kaka yangu aliyeko Likoni? Nikaitika zote. Nimelelewa hivyo. Mkono wa mtu mzima hauachwi hewani, na salamu zake hazikatwi. Kikopo kinaning'inia shingoni mwa mtungi, na joto la Januari hii, chini ya paa la bati.

Nilipogeuka barafu ya juu ya mirija ilikuwa imetoweka.

Nimeyeyusha mrija mmoja, tone chini ya hadubini. Zimelala. Moja hapa, moja pale, zinatikisika zilipo bila kwenda popote. Nimemtia Hiba zote hivyo hivyo, kwa kuwa kumwaga ningeshindwa. Mzee alikuwa ameshaondoka, ameridhika na adabu yangu.

Nina hasira. Naye, na mama yangu aliyenifundisha, na zaidi ya wote mimi mwenyewe.

Ijumaa, 17 Januari

Nimemwambia Bi Zuhura kwamba kosa ni langu, niliacha kikopo juu. Sababu sikuisema. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, basi imebaki moja, mwanangu, na hiyo utaitia wewe. Hakutaja Nairobi.

Nimelia garini, nimemaliza.

Jumamosi, 1 Februari

Picha. Hakuna kitu. Nilijua, ila kujua hakukunisaidia.

Nyamawi ameniuliza kwa upole kama tumfungie mzee lango siku ya dozi ya pili ikifika. Kwao Kinango, asema, mgeni angeambiwa tu kaa kivulini kwanza, naye angekaa. Huku haiwezekani. Banda lilijengwa na marehemu, ndugu yake. Mzee Bakari akikuta lango limefungwa, Bi Zuhura atatengwa na ukoo.

Jumanne, 4 Februari

Hiba kwenye joto tena. Kijifuko kinakua vizuri, kulia mara hii.

Baada ya alasiri nimekwenda kwa Mzee Bakari mwenyewe. Nilijiandalia maneno njia nzima, nilipofika yote yakanitoka. Salamu kwanza, zote. Kisha nikamwambia wazi: siku ile kikopo kilikuwa juu, nami nilipokupa mikono, mbegu zikafa.

Akavua kofia, akaniuliza:

"Na wewe hukuweza kusema, mzee, subiri?"

"Nikwambie wewe subiri? Ungenisusa mpaka Iddi."

"Mpaka Iddi ya pili," akasema, akacheka kwa shida. Halafu akafuta macho. Sikutegemea. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba hakuwa akigombana na mbegu. Alikuwa hataki kumwona Tarishi mwingine akipita, kwa kuwa kila Tarishi alipopita, yeye alikuwa akimtafuta ndugu yake juu ya mgongo wa farasi huyo.

Nikamwomba kazi. Siku hiyo akae langoni, kitini. Yeyote ajaye, amsalimie.

"Nimsalimie tu?"

"Kama unavyotusalimia sisi, mzee. Usipunguze."

Alhamisi, 6 Februari

Yai limetoka baada ya sala ya asubuhi.

Mzee Bakari alikuwa langoni tangu alfajiri, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Mwuza majani akafika na mkokoteni: akasalimiwa. Kijana wa hoteli aliyekuja kuulizia farasi wa jioni, mtu wa bara mwenye haraka, akasema "niaje mzee" na akafundishwa shikamoo tangu mwanzo. Mama mmoja wa Kibuyuni, rafiki ya Bi Zuhura, akaulizwa habari za mwani anaoulima, kamba moja moja, na za wajukuu wote. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta wa makuti. Hakuna aliyevuka lango.

Kikopo juu, mirija nje, kikopo chini. Kitambo cha kuvuta pumzi. Nikaitumbukiza mirija kwenye maji, nikaikausha, maana tone la maji likigusa mbegu zinakufa. Tone moja kwenye kioo kilichopashwa moto. Nikainama juu ya hadubini.

Zinakwenda! Si zote, na wala sikutaraji zote. Lakini zilizo hai zinakwenda mbele moja kwa moja, zinapishana, zina haraka zao. Nikamwita Nyamawi achungulie. Akachungulia, akasema kwa sauti ya chini, huyu ndiye Tarishi, hajawahi kutembea polepole.

Nimeziweka mbali kabisa, kwenye ncha ya pembe ya kulia ya tumbo la uzazi, karibu na lilikotoka yai, maana dozi ni ndogo na njia ni ndefu. Hiba akasimama tuli. Nikatoa mkono, nikaketi juu ya ndoo. Nje mzee alikuwa bado anamwulizia mtu habari za shangazi yake.

Ijumaa, 7 Februari

Picha tena. Maji kidogo tumboni mwa Hiba, nimemsafisha. Sasa ni kungoja. Ng'ombe watatu Kombani.

Ijumaa, 21 Februari

Mimba ipo.

Duara jeusi, dogo kama punje ya zabibu, limetulia kwenye pembe ya kulia. Nimeliangalia, nikatoa mashine, nikairudisha, nikaliangalia tena. Bi Zuhura alinishika bega na kucha zake zikaniingia. Hataki lisemwe nje ya nyumba yao. Mimba changa haitangazwi, ya mtu wala ya farasi. Kwa hiyo simtangazii mtu, natangaza hapa: nimeweza. Hapa hapa pwani, na joto letu. Rafiki yangu wa Nairobi nitamwambia siku mtoto akisimama kwa miguu yake, nitamtumia picha bila maneno.

Leo najipenda sana. Kesho nitapunguza.

Jumapili, 9 Machi

Saumu. Adhuhuri nilikuwa Diani. Moyo wa mtoto unapiga, kitone kinachometa-meta katikati ya weusi. Hiba anakula vizuri.

Jioni nilikuwa barazani kwetu namenya muhogo wa futari. Mzee Bakari amekuja mpaka Msambweni na kikapu cha tende. Nikaweka kisu chini, nikanawa, nikampa mikono yote miwili. Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Mama na mguu wake? Anashukuru. Kaka wa Likoni? Mzima. Ng'ombe wa Ramisi, yule wa mateke? Ana mimba. Paka? Yupo.

Mkono wangu bado umo mkononi mwake.

"Na mtoto wetu, hajambo?"

"Hajambo, mzee. Anakusalimu."