Tundu la Paa Lako

Baba,

Bendera mpya ya uhuru imepanda hapa Kakamega, na kilabu chako kimejaa hadi nje. Wazee wanavuta pombe ya busaa kwa mirija yao mirefu, wanaimba nyimbo zenu za jeshini. Mimi nimekaa kwenye kiti chako, naota mchana kweupe kwamba umeenda sokoni Lubao tu kuangalia ng'ombe, utarudi jioni.

Nina kosa la kukiri. Nililiziba lile tundu.

Unajua nilivyolichukia tangu utotoni. Mvua ya saa tisa ikinyesha, maji yalishuka katikati ya kilabu, na wewe hukutaka mtu aliezeke wala akae chini yake. "Hapo pana mwenyewe, Muhonja," ulikuwa unasemanga, basi. Nami nikakuita mvivu mbele ya wateja. Mungu wangu! Ukacheka tu.

Ulipofariki watu walikuja wengi, na mvua haikutuhurumia. Niliona aibu wageni walowe kwenye matanga yako. Nikawaita waezekaji, wakajaza nyasi mpya, nikajisifu kabisa.

Siku ya tatu baada ya mazishi, tulipokusanyika kunyoa nywele kama desturi ya matanga, mzee Ingosi mliyekuwa naye vitani aliingia, akatazama juu, akavua kofia. "Nani ameziba?" Ndipo akatueleza habari za kilabu cha mama mmoja karibu na kambi yenu kule kaskazini. Mlikuwa watatu kwenye chungu kimoja: wewe, Ingosi na mwenzenu Shitanda. Jua likakuumiza macho, Shitanda akakubadilishia kiti. Ndege ikapita. Bomu likachukua nusu ya paa, likamchukua na Shitanda. Kesho yake yule mama alifagia vifusi, akauza pombe chini ya mawingu, nanyi mkautia mrija wa Shitanda chunguni, na hakuna aliyeugusa. Ndiyo maana uliporudi ukamwachia tundu kwenye paa lako.

Baba, kwa nini hukuniambia? Miaka yote hiyo! Nina hasira nawe, na nina hasira zaidi na huu mdomo wangu.

Leo nimepanda ngazi mwenyewe, leso kiunoni, wateja wanapiga kelele, "Wewe Muhonja, utaanguka!" Nimeng'oa zile nyasi zote kwa mikono. Mwanga ukashuka sakafuni, vumbi likielea ndani yake polepole. Nikaweka chungu kidogo pale chini. Nikatia mirija miwili, mmoja wa Shitanda, mmoja wako. Sasa mvua imeanza, inadondoka humo humo kwenye busaa, na mzee Ingosi analia bila kujificha.

Pumzika, Baba yangu. Msalimie Shitanda, mwambie kiti chake kipo. Nikiwa hai, tundu hili halitazibwa tena. Na mtu akiniita mvivu, nitacheka tu.

Binti yako,
Muhonja