Samaki Bila Chumvi, Gisenyi

Dada Neema, shikamoo.

Mama muuza samaki hapa ufukweni Gisenyi alinikaribisha kwa bia, nikakataa. Unajua mwaka mzima nimewadanganya watu kwamba nimeokoka. Leo nikasema ukweli: "Naumwa ini, mama, na dawa ni za maisha."

Akairudisha bia. "Mi pia! Mwaka ya sita sasa. Bon, kaa hapa, tukule bila chumvi."

Tukala samaki kwa ndimu, tukitajiana uongo wetu wa kukwepa bia. Yeye, na mvi zile, aliwahi kusingizia mimba! Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaingia ziwani na gauni langu.

Usimwambie mama yetu lolote. Nikirudi nitamweleza mwenyewe, wala siogopi tena.

Nakukumbatia kwa nguvu zote,
mdogo wako Rehema